Mataruma ya gitaa: Kazi ya ndani inayoamua sauti na uhai wa ala

FUNDI anayeunda gitaa lake la kwanza katika eneo la Longonot hukabiliwa na hofu mbili. Ya kwanza humjia angali kazini: kwamba ubao wa juu, ambao hauzidi unene wa milimita 3, utavunjika nyuzi zitakapokazwa. Ya pili humjia baadaye, gitaa likiwa limekwisha kupakwa vanishi: kwamba halitoi sauti.

Hofu ya kwanza ndiyo huzaa ya pili. Kwa kuogopa kuvunjika, fundi hujaza mbao nene ndani ya sanduku, na gitaa linalopatikana huwa imara kama meza na bubu kama meza vilevile. Miezi ya kazi na akiba ya pesa huishia ukutani, ala ikiwa pambo tu.

Kinga ya hofu zote mbili ni kuelewa kazi ya vipande vyembamba vya mbao vinavyobandikwa chini ya ubao wa sauti. Katika makala hii vipande hivyo vinaitwa mataruma, jina linalotumiwa na waundaji majahazi wa pwani kwa mbao zinazoimarisha chombo kwa ndani. Ni jina lile lile la vipande vinavyolazwa chini ya reli, kama vilivyo kwenye njia ya gari moshi inayopitia Longonot ikielekea Naivasha na Nakuru.

Kazi mbili zinazopingana

Nyuzi 6 za chuma za unene wa wastani, zikikazwa hadi sauti yake ya kawaida, huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Huo ni uzito wa mtu mzima. Nyuzi za nailoni huvuta kwa takribani kilo 40.

Nguvu hiyo haivuti ubao kwenda juu moja kwa moja. Huvuta daraja, yaani kile kibao kinachoshikilia nyuzi, kuelekea shingoni. Kwa kuwa nyuzi hupita juu ya daraja, daraja hutaka kubingirika: upande wake wa mbele hukandamiza ubao uzame, na upande wa nyuma huuvuta uvimbe. Wakati huohuo shingo hutaka kujikunja kuelekea kwenye tundu la sauti.

Kazi ya kwanza ya mataruma ni kuzuia hali hiyo. Kazi ya pili ni kusambaza mtetemo wa nyuzi kutoka kwenye daraja hadi pembe zote za ubao, bila kuuzuia ubao huo usicheze. Kazi hizo mbili zinapingana. Kila gramu ya mbao inayoongezwa kwa ajili ya uimara huupunguzia ubao wepesi wake, nao wepesi ndio sauti.

Umuhimu wa ubao wa juu ulidhihirishwa na fundi Mhispania, Antonio de Torres, aliyeishi kati ya mwaka 1817 na 1892. Mnamo 1862 aliunda gitaa ambalo mbavu na mgongo wake vilikuwa vya karatasi ngumu, huku ubao wa juu na mataruma yake vikiwa vya mbao kama kawaida. Alitaka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya sauti ya gitaa hutoka juu, wala si kwenye mbao ghali za mgongoni. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Somo kwa fundi asiye na pesa nyingi ni wazi. Mgongo na mbavu vinaweza kuwa vya mbao za kawaida zinazopatikana Naivasha au Nakuru. Ubao wa juu na mataruma ndivyo vinavyostahili mbao bora, muda na subira.

Mitindo mitatu ya kupanga mataruma

Mtindo wa kwanza ni wa ngazi, ambapo mataruma hukingama ubao kutoka upande mmoja hadi mwingine kama vipago. Huo ni mtindo wa kale. Udi, ala inayopendwa katika taarab ya Unguja na Mombasa, huimarishwa kwa mataruma ya kukingama namna hiyo. Magitaa mengi ya bei nafuu yametumia ngazi kwa sababu ni rahisi kuunda, lakini chini ya nyuzi za chuma ubao wake huelekea kuzama mbele ya daraja miaka inaposonga.

Mtindo wa pili ni wa kipepeo, yaani upepeo wa mkononi. Mataruma madogo, mara nyingi 5 au 7, hutawanyika kutoka karibu na tundu la sauti kuelekea chini. Torres ndiye aliyeukamilisha mtindo huu, nao umebaki kuwa msingi wa magitaa ya nyuzi za nailoni hadi leo.

Mtindo wa tatu ni wa msalaba wenye umbo la herufi X. Ulistawi nchini Marekani katika miaka ya 1840 kwenye karakana ya Christian Frederick Martin, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyewasili New York mnamo 1833. Magitaa ya wakati huo yalitumia nyuzi za utumbo wa wanyama. Nyuzi za chuma zilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, ilionekana kwamba msalaba huo ulikuwa na nguvu za kuzihimili, na sasa ndio mtindo wa kawaida kwa magitaa ya chuma.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa fundi si kuhusu mataruma bali kuhusu nyuzi. Gitaa la kipepeo lililochongwa kwa nailoni halipaswi kamwe kufungwa nyuzi za chuma. Daraja linaweza kung'oka au ubao kupasuka.

Nchini Kenya wanaoanza wengi huchagua chuma. Ndizo nyuzi zinazopatikana kwa urahisi madukani, na ndizo zilizojenga muziki wa gitaa kavu wa eneo hili. Mpigaji mashuhuri kutoka Katanga, Jean-Bosco Mwenda, ambaye wimbo wake Masanga ulirekodiwa na Hugh Tracey mnamo 1952, pamoja na wapigaji wa magharibi mwa Kenya kama George Mukabi, walipiga kwa vidole. Dole gumba lilishika besi huku kidole cha shahada kikicheza nyimbo. Upigaji wa aina hiyo hauna nguvu ya mkono mzima, hivyo hudai ubao mwepesi unaoitika upesi. Maelezo yanayofuata ni ya gitaa la chuma lenye msalaba.

Hewa ya Longonot na unyevu wa mbao

Mbao haifi ikakoma kupumua. Hewa inapokuwa na unyevu mbao huvimba, na inapokauka hunywea. Mabadiliko hayo huwa makubwa kwenye upana wa ubao, lakini ni madogo mno kwenye urefu wake. Ubao wa sauti wenye upana wa milimita 400 unaweza kupanuka au kunywea kwa milimita 2 hadi 3 kati ya msimu wa mvua na wa ukame.

Hapa ndipo mataruma yanapoingia hatarini. Mengi yake hulala yakikatiza mistari ya ubao. Ubao unapotaka kunywea kwa upana, taruma ambalo urefu wake haubadiliki huukatalia. Mmoja lazima ashindwe, na kwa kawaida anayeshindwa ni ubao: hupasuka kwa mstari mrefu kutoka kwenye daraja hadi chini, au gundi huachia.

Longonot ni mahali pagumu kwa ala iliyoundwa bila hadhari. Sakafu ya Bonde la Ufa hapa iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wenye kimo cha mita 2,776. Milima ya Nyandarua iliyoko mashariki huzuia sehemu kubwa ya mvua. Januari na Februari alasiri huwa kavu na yenye upepo, ilhali usiku huwa na baridi na umande. Kisha mvua ya masika huingia kati ya Machi na Mei.

Gitaa ambalo mataruma yake yalibandikwa siku ya mvua, au lililoundwa katika unyevu wa Mombasa, litafika Januari ya Longonot likiwa na ubao unaovutwa pande zote kama ngozi ya ngoma. Waundaji wa nyatiti na obokano wanaifahamu nguvu hiyo, kwa kuwa ngozi ya ala zao hukazika juani na kulegea katika mvua. Tofauti ni kwamba ngozi hunyumbuka, lakini ubao hupasuka.

Kinyume chake si cha kutisha sana. Gitaa lililobandikwa mataruma wakati wa ukavu likipelekwa penye unyevu, ubao wake huvimba na kuinuka kidogo. Nyuzi hupanda juu ya shingo na upigaji huwa mgumu kwa muda, lakini mara nyingi hakuna kinachopasuka. Ndiyo maana mafundi hushikilia kanuni moja: afadhali kubandika katika ukavu kuliko katika unyevu. Kiwango kinachopendekezwa ni hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50.

Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kujitengenezea. Huchukua ukanda mwembamba wa mbao uliokatwa kwa kufuata mistari na mwingine uliokatwa kwa kuikingama mistari, kisha huvibandika pamoja ubavu kwa ubavu na kuushikiza mwisho mmoja ukutani. Ukanda uliokatwa kwa kukingama hurefuka penye unyevu na kufupika penye ukavu, nao huupinda mwenzake huku au kule. Kwa kuweka alama ukutani kwa wiki kadhaa, fundi hujua siku zipi ni kavu na zipi si za kugusa gundi.

Njia nyingine ni mizani ndogo ya jikoni. Mbao za ubao na za mataruma hupimwa kila siku saa ile ile na uzito kuandikwa. Zikikoma kupungua kwa wiki 2 mfululizo, zimepatana na hewa ya karakana. Kabla ya hapo si tayari, hata kama muuzaji ameapa kwamba zilikauka.

Mbao zinazofaa

Kote duniani mataruma huundwa kwa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio mwepesi na mkakamavu. Sprusi huagizwa kutoka nje, na bei yake humlemea anayeanza. Katika Bonde la Ufa mbadala ulio karibu ni saipresi, mti uliotoka Mexico na Amerika ya Kati ambao umepandwa kwa wingi katika misitu ya Kenya. Ni mzito kidogo kuliko sprusi na una vifundo vingi, lakini vipande vyake vilivyonyooka hufaa.

Chanzo bora cha saipresi kavu ni mbao kuukuu: mapaa ya nyumba zilizobomolewa, milango na masanduku ya zamani. Mbao iliyokaa juu ya dari miaka 30 imekwisha kumaliza sehemu kubwa ya ugomvi wake na hewa. Kabla ya kuipitisha kwenye randa, fundi huichunguza kwa misumari iliyofichika.

Mwerezi wa milimani, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa, hupasuka kwa urahisi na haufai kwa mataruma membamba. Podo ni mbao nzuri, ila ni mti wa asili ambao haupaswi kukatwa bila idhini. Anayeihitaji na atafute mbao kuukuu.

Lililo muhimu kuliko jina la mti ni mwelekeo wa mistari. Taruma linapotazamwa kwenye kichwa chake, mistari ya miaka inapaswa kusimama wima, isilale. Tena mistari ya ubavuni inapaswa kwenda kutoka mwisho hadi mwisho bila kukimbilia pembeni. Njia ya uhakika ni kuupasua ubao kwa shoka dogo au patasi badala ya kuukata kwa msumeno. Mpasuko hufuata njia ya mbao yenyewe, na msumeno hufuata njia ya fundi. Kifundo kidogo kama punje ya mahindi kinatosha kulifanya taruma livunjike.

Vipimo na mpangilio

Kwa gitaa lenye upana wa milimita 400 sehemu ya chini, vipimo vifuatavyo ni vya kuanzia kabla ya kuchonga:

Ubao wa sauti: unene wa milimita 2.8 hadi 3.

Mataruma makuu 2 ya msalaba: upana milimita 8, kimo milimita 15. Hukutana milimita 35 hadi 40 chini ya ukingo wa tundu la sauti, kwa pembe inayozidi kidogo nyuzi 90. Miguu yake ya chini sharti ipite chini ya ncha mbili za daraja.

Taruma la kukingama juu ya tundu: upana milimita 12, kimo milimita 15. Hili huizuia shingo isijikunje, na halichongwi sana.

Mataruma 2 ya mshazari chini ya msalaba: upana milimita 7, kimo milimita 12. Huanzia kwenye mguu wa msalaba wa upande wa nyuzi nyembamba na kushuka kuelekea upande wa besi.

Mataruma madogo 4 ya pembeni, 2 kila upande: upana milimita 6, kimo milimita 10.

Kibao cha chini ya daraja: mbao ngumu, unene milimita 2.5. Hiki ndicho kinachoumwa na vichwa vya nyuzi.

Mchoro wote huchorwa upande wa ndani wa ubao kabla ya kukata chochote, kuanzia mstari wa katikati na mahali pa daraja. Hapa kuna mtego. Gitaa likitazamwa kwa ndani, shingo ikiwa juu, upande wa besi huwa kulia. Likitazamwa kwa nje, huwa kushoto. Mafundi wengi wanaoanza wamepanga mataruma ya mshazari kinyume kwa kusahau kwamba ubao umegeuzwa. Kuandika neno "besi" kwa penseli upande unaostahili ni kinga tosha.

Penye makutano, mataruma makuu huingiliana. Moja hukatwa nusu ya kimo kutoka juu na jingine nusu kutoka chini. Maungio yanapaswa kukaza bila kulazimishwa kwa nyundo. Taruma ambalo mkato wake unabaki wazi kwa juu hudhoofika, hivyo makutano hufunikwa kwa kipande cha kitambaa cha pamba kilicholoweshwa gundi, au kwa kibao chembamba cha mbao.

Jambo jingine ni mviringo. Ubao wa gitaa unaoonekana kuwa bapa kwa kweli huwa na mwinuko mdogo. Sehemu ya chini ya kila taruma hupigwa randa kwa mviringo ili katikati pake papite ncha zake kwa zaidi kidogo ya milimita 2 kwenye urefu wa milimita 400. Mwinuko huo huusaidia ubao kuvumilia mvuto wa nyuzi. Isitoshe, ukame unapokuja ubao huwa na nafasi ya kushuka kabla ya kupasuka.

Siku ya kubandika

Gundi nyeupe ya maseremala inatosha. Gundi ya viatu haifai kabisa, kwa kuwa hubaki ikinyumbuka na taruma huteleza polepole chini ya mvuto. Gundi nyeupe nayo hulainika kwa joto kali. Gitaa lisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa safari fupi ya kutoka Mai Mahiu hadi Naivasha.

Udongo wa Longonot ni wa majivu ya volkano, na vumbi lake laini hupenya kila mahali. Vumbi hilo hufanya meno ya randa yawe butu na, baya zaidi, hukaa kati ya gundi na mbao. Uso wa taruma na mahali pake ubaoni hukwanguliwa upya muda mfupi kabla ya kupaka gundi, si jana yake.

Ili kubana mataruma mengi kwa pamoja bila kununua vibano vya bei, mafundi hutumia fimbo zinazopindwa. Kazi hulazwa juu ya meza iliyofunikwa na rafu imara kwa kimo cha sentimita 60 hivi. Fito za mianzi zenye urefu wa sentimita 62 hadi 64 hupindwa kidogo na kuingizwa kati ya rafu na taruma. Kila ufito hutaka kunyooka, na kwa kutaka huko hulisukuma taruma chini. Fito 5 au 6 kwa kila taruma kuu zinatosha. Chini ya ubao huwekwa kitanda chenye mviringo uleule uliopigwa kwenye mataruma.

Kazi huanza adhuhuri ya siku kavu. Gundi inayotoka pembeni hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na fito huachwa hadi kesho yake. Baada ya maji ya gundi kukauka kabisa, ubao huhifadhiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kila usiku hadi sanduku litakapofungwa, ili umande usiupinde.

Kuchonga na kusikiliza

Hii ndiyo hatua inayotenganisha meza na gitaa. Fundi anapaswa kujua kanuni moja ya hesabu. Ukiongeza upana wa taruma mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara mbili. Ukiongeza kimo mara mbili, ukakamavu huongezeka mara 8. Kwa maana hiyo, kupunguza kimo kutoka milimita 12 hadi 11 tu huondoa karibu robo ya ukakamavu wote.

Kutokana na kanuni hiyo, taruma jembamba na refu kwa kimo hushinda taruma pana na fupi lenye uzito uleule. Pia mkono wa patasi sharti uwe mwepesi, maana kila pito linahesabika.

Mbavu za taruma huchongwa kwanza zikutane juu kama paa la nyumba. Hilo huondoa uzito mwingi na ukakamavu kidogo. Kisha ncha zinazoelekea ukingoni huteremshwa taratibu hadi milimita 2 hivi. Katikati, karibu na daraja na makutano ya msalaba, huachwa na kimo chake.

Kampuni ya Martin ilikuwa ikichimba mabonde kwenye mataruma yake ili kuyafanya mepesi, lakini ikaacha mwishoni mwa mwaka 1944 kwa sababu wateja walifunga nyuzi nzito, na ikarudia mtindo huo miongo kadhaa baadaye. Anayeunda gitaa la kwanza atafanya vyema kuacha mabonde na kuridhika na mteremko ulionyooka.

Kila baada ya mapito machache, ubao hushikwa kwa vidole viwili karibu na ukingo na kugongwa kwa kifundo cha kidole mahali pa daraja. Mwanzoni hujibu kwa sauti kavu na fupi, kama mlango. Mataruma yanapopungua, jibu huwa la chini zaidi na hudumu. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo. Mlio ukianza kulegea, umepita mahali pake.

Kwa asiyeamini sikio lake, kuna pakiti ya sukari. Ubao huwekwa juu ya vipande viwili vya mbao kwenye ncha zake, na pakiti ya kilo 1 hulazwa mahali pa daraja. Umbali ambao ubao umeshuka hupimwa kwa rula na kuandikwa kabla na baada ya kuchonga. Kwa gitaa la kwanza takwimu hizo hazina cha kulinganishwa nacho. Kwa la pili, zitakuwa mwalimu kuliko kitabu chochote.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuongeza taruma lisilo kwenye mchoro "kwa usalama". Usalama hutoka kwenye kimo na mahali pa taruma, si wingi wake. La pili ni daraja zito: kipande kikubwa cha mpingo hupendeza macho, ila huulemea ubao. La tatu ni kuacha ncha za taruma la juu na za msalaba zikining'inia. Zinapaswa kuingia kwenye kingo za mbavu, vinginevyo huanza kuachia hapo.

La nne ni haraka. Mbao iliyonunuliwa Jumatatu na kubandikwa Ijumaa haijapata muda wa kuizoea hewa ya karakana.

Nyuzi za kwanza

Gitaa likiisha, nyuzi nyepesi ndizo hufungwa kwanza, nazo hukazwa kidogo kidogo kwa siku 2 au 3. Ubao utavimba kidogo nyuma ya daraja. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Mafundi hukubali daraja liiname mbele kwa takribani nyuzi 2 za pembe. Ubao usiosogea hata kidogo chini ya kilo 70 ni ule uliojazwa mbao kupita kiasi.

Dalili mbaya ni nyingine: shimo linaloonekana mbele ya daraja, ufa mdogo kando yake, au mlio wa kugonganagongana kutoka ndani unaomaanisha kwamba taruma limeachia. Nyuzi hulegezwa mara moja, kioo kidogo na tochi huingizwa kupitia tundu la sauti, na taruma hubandikwa upya kabla ya ufa kutembea.

Mtihani wa mwisho hautolewi karakanani. Hutolewa na Januari ya kwanza, upepo wa alasiri unapovuma kutoka mlimani na hewa kukauka. Gitaa lililobandikwa kavu na kuchongwa kwa kiasi litapita msimu huo likiwa zima, na sauti yake itaendelea kufunguka kadiri linavyopigwa.